Modeli Ndefu za Gasorwe

Tangu turudi, kila anayeingia atelye yangu ya ushonaji na kitambaa mkononi anaanza na swali lilelile: "Bi Mwajuma, huko Muyinga kumepita nini?" Nimeeleza mpaka koo limenikauka. Tena kila nikieleza, jirani yangu Zuhura, ambaye hakuwepo, anaongeza ya kwake, na juzi nimesikia sokoni kwamba eti niligombana na padri. Sikugombana na padri. Padri hakuwepo kabisa. Kwa hiyo nimekaa chini naandika. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Mnajua shule niliiacha darasa la tatu. Kuandika nilijifunza kwa kuandika vipimo vya watu: kifua, kiuno, mkono, urefu. Kwa vipimo hivyo nimejenga nyumba ya matofali na kusomesha watoto, basi asinicheke mtu. Mjukuu wangu Shadia amenyoosha maneno hapa na pale. Palipobaki pamepinda ni pangu, msipaguse.

Gitega, kabla ya kutoka

Mama mmoja mwenye duka kubwa la nguo Bujumbura aliona magauni yangu harusini, akayapenda. Akataka kuyauza dukani kwake, lakini kwanza aone picha, kwa sababu wateja wake siku hizi wanachagulia nguo ndani ya telefone. Mpiga picha tunaye nyumbani, ndiye huyu Shadia. Tukapiga picha uani kwangu, mbele ya pazia la bluu, na maua ya plastiki niliyonunua mwenyewe. Msichana aliyevaa alisimama wima kama askari wa gwaride. Mi niliona zimependeza sana.

Jibu likaja: "Nguo nzuri. Picha zimelala. Nangoja mpaka mwisho wa wiki. Zikilala tena, nachukua fundi mwingine."

Mi Mwajuma, nguo yangu haijawahi kurudishwa na mtu tangu enzi za kushonea kwenye baraza za watu. Nikapandisha hasira. Lakini Shadia hakupandisha. Aliirudisha kamera kwenye mfuko wake polepole, akasema, "Bibi, yule mama iko na haki. Zikikataliwa tena, kamera naiuza. Narudi kupiga foto za vitambulisho."

Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Huyu mtoto aliwahi kulala na kamera hiyo kitandani kama mwenzake.

"Sasa inakosa nini?"

"Inspirasio, bibi."

"Inauzwa wapi? Twende tukanunue."

Akacheka kidogo, jambo ambalo nilikuwa nalitafuta. "Hainunuliwi. Unatembea, unaangalia, mpaka kitu kinakushika jicho."

"Na jicho lisiposhikwa?"

"Ndiyo kamera inauzwa."

Nikafunga atelye siku hiyohiyo. Watu wa mtaa mkadhani nimepata msiba. Yule msichana wa pazia la bluu alisema viatu vyake si vya milimani, akabaki. Tukaondoka na begi la magauni, bila mtu wa kuyavaa.

Makebuko, kwenda na kurudi

Tulianza na Makebuko kwa pikipiki, kwa sababu ilikuwa siku ya soko na Shadia alitaka watu na rangi. Mi nilikaa kwa muuza viazi vitamu vya kuchemsha, nikala, nikamwangalia anavyochuchumaa. Alipiga picha beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akapiga picha maharage ya mama mmoja, mekundu, meusi na ya madoa, mpaka mama akaanza kuyapanga upya, akidhani kuna mnunuzi mkubwa.

Halafu akazunguka nyuma ya soko. Kulikuwa na ua wa miti ulioanikwa nguo: shuka jekundu, suruali yenye viraka, na shimizi ya njano iliyopitiwa na jua mpaka ikawaka kama taa. Shadia akasimama. Nikajua kuna kitu. Hajapiga picha tatu, mwenye nguo akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We mtoto! Shimizi yangu unaipigia foto ya nini?"

"Samahani mama, natafuta rangi."

"Rangi?"

"Rangi tu, mama."

Mwiko ukashuka. "Kumbe! Si useme? Rangi iko kule, kwa muuza misumari. Chukua ile ya kopo kubwa, ile ya kopo ndogo inabanduka na mvua. Mnapaka nyumba gani?"

Shadia akafungua kinywa kueleza. Mi nikamkanyaga mguu, kwa kuwa jua lilikuwa linaenda, nikasema ni nyumba yangu ya Gitega. Yule mama, Mungu ambariki, akatupeleka mwenyewe mpaka dukani, akatufungulishia makopo, akapaka kidole na kutuonyesha ukutani. Aibu ikatuzidi. Tukatoka pale na brashi. Brashi hiyo ninayo bado, anayepaka nyumba aje.

"Jicho limeshikwa?" nikamuuliza tulipokuwa tunarudi.

"Shimizi ilikuwa karibu," akasema.

Gitega hadi Muyinga

Dereva wa gari tulilokodi, Jeremi, alituahidi kuondoka asubuhi. Lakini asubuhi ya Jeremi inategemea esansi, mafuta ya gari, na esansi nayo ilikuwa na asubuhi yake. Tulimkuta kwenye mstari wa magari, nyuma ya magari mengine ambayo wenyewe walikuwa wamelala ndani na milango wazi, miguu nje. Nikanunua chai na maandazi magumu, nikakaa juu ya begi la magauni kama kuku juu ya mayai.

"Jeremi, tutafika leo?"

"Tutafika, mama."

"Leo hii?"

"Mama, mi nimesema tutafika. Siku sikusema."

Shadia alikuwa anapiga picha vidumu vya njano vilivyopangwa kwenye mstari badala ya watu. Mzee mmoja mwenye koti la sufi, joto lote lile, akaja kujipanga kati ya vidumu, akafunga vifungo, akasema apigwe foto ya kumpelekea mke wake aamini kwamba kweli yuko kwenye mstari wa esansi na si kwenye baa. Alipigwa. Mke wake alituma jibu kwenye telefone ya mzee papo hapo: hilo koti alipewa la kanisani, alivalie nini kwenye mafuta? Tukacheka na mstari mzima, na kabla hatujamaliza kucheka esansi ikafika.

Karuzi tulisimama kula. Mchomaji alikuwa na mishikaki ya mbuzi inayonukia mpaka barabarani. Nikamuuliza nani kamchinja mbuzi.

"Mi mwenyewe, mama."

"We unaitwa nani?"

"Deo."

"Basi Deo, nipe ndizi za kuchoma."

Akanielewa, akacheka, akaniletea ndizi na chumvi na pilipili. "Ila nikuambie ukweli, mama. Na hizi nimezichinja mi mwenyewe."

Jeremi alikula mishikaki yangu na yake. Muyinga tulifika jua likizama, na binamu yangu Sakina, mwenye duka la vyakula karibu na soko, alikuwa ametupikia wali, maharage na mboga za lengalenga. Nikala kama sikula ndizi.

Muyinga, kwenye telefone

Sakina alisikiliza habari zetu zote, halafu akasema mtu wa kutusaidia yupo. Anaitwa Yohana, mkulima wa Gasorwe, ndiye anayemletea mihogo. Alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi na wenzake wengi, na pale kilimani wanamsikiliza.

"Shadia aongee naye," akasema.

Nikakataa. Kiswahili cha Shadia kina Kifaransa kila baada ya neno. Nikachukua telefone mwenyewe. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipokaa, na mi sikuliona.

Nikasema: "Ndugu Yohana, tunatoka Gitega, tunatafuta modeli za kupiga foto."

"Modeli za namna gani, mama?"

"Ndefu. Kiuno kidogo. Iwe inakaa vizuri, isiwe na mikunjo mingi. Kama iko ya zamani kidogo, hakuna shida."

"Nimekuelewa. Unataka nyingi?"

"Zote ziko huko ulete, tutachagua hapohapo. Ila ziwe safi."

"Zitafuliwa, mama. Kesho utazikuta."

Nikakata simu nimefurahi. Neno "zitafuliwa" lilinigonga kidogo sikioni, lakini nikasema hawa waliokulia Tanzania wana Kiswahili chao, labda kuoga kwao wanasema hivyo.

Muyinga hadi Gasorwe

Tulienda na pikipiki mbili, begi la magauni katikati yangu na dereva. Uani kwa Yohana tulikuta wanawake wamejaa. Wengine vijana, wengine wa umri wangu, wote wamevaa nguo za shambani. Na juu ya ua, juu ya mikeka, juu ya migomba, mpaka juu ya mlango wa zizi la mbuzi, yalikuwa magauni. Marefu. Gauni la arusi lenye mabega makubwa. Joho la kwaya. Vitenge vilivyoshonwa mtindo wa zamani. Pasi za makaa zilikuwa bado zinatoa moshi.

Yohana, mtu mwembamba mwenye kofia, akatupokea kwa mikono miwili. "Karibuni. Modeli ndefu, mama, kama ulivyoagiza. Hazina mikunjo hata moja. Kina mama wamepiga pasi tangu alfajiri."

Nikazunguka nikitazama. "Ni nzuri, ndugu yangu. Na zenyewe ziko wapi?"

"Zenyewe hizi."

"Hizi ni nguo."

"Ndiyo, mama."

"Mi nilisema modeli. Msichana. Ya kuvaa."

Mbuzi akalia. Na mi sikuweza kumlaumu, maana nyinyi nyote mmesimama mbele ya kalenda ya mitindo ukutani kwangu mkasema "Bi Mwajuma, nishonee modeli ile." Modeli ni nguo! Nimelisema hivyo maisha yangu yote. Ila kwa Shadia na watu wa picha, modeli ni mtu, na kwa wiki hiyo nami nilikuwa nimejifunza kusema kama wao.

Yohana akavua kofia. "Mama, si ulisema ndefu?"

"Ndiyo, msichana ndefu."

"Msichana ni mrefu, mama. Nguo ndiyo ndefu. Ungesema mrefu, ningekuletea mtu."

"Kwetu Gitega vyote iko ndefu! Mti iko ndefu, mtu iko ndefu, barabara iko ndefu!"

"Kiswahili hiki nilichapwa viboko nikijifunza shuleni Tanzania. Hutaniondolea leo."

Mnione. Mi niliyenyonya Kiswahili kwa mama yangu, nasahihishwa na mkulima wa mihogo anayesali Jumapili, mbele ya watu! Nikatafuta neno la kumpiga nalo, sikulipata, kwa sababu wanawake walikuwa wameshaanza kucheka, na kicheko chao kilikuwa cha kuambukiza. Nikacheka mpaka nikashika ua.

Wakatuletea ugali wa muhogo na maharage, na kibuyu cha mutobe. Nikasukuma kibuyu. Yohana akasema, "Kunywa, mama, ni maji ya ndizi tu, hayajachacha. Yakichacha mi mwenyewe nitakwambia, maana nitakuwa naimba." Nikanywa. Matamu.

Lakini si wote waliocheka. Mwanamke mmoja, Daforoza, alikuwa ameanza kuliondoa gauni lake kwenye ua. Ni mrefu huyo mwanamke. Naandika mrefu, Yohana asome. Alilibeba juu ya mikono miwili iliyonyooshwa, ili pindo lisiguse vumbi, akaelekea njia ya kwake bila kuaga.

"Dada, unaenda wapi?" nikamwita.

"Narudisha sandukuni. Si hamtaki nguo? Nimetoka kazini kwa ajili ya hii."

Nikamfuata nikalishika. Nguo mimi huisoma kwa vidole. Kitenge cha kijivu na manjano, mshono umeyumba kama mashine ilikuwa inakata uzi kila hatua, lakini aliyeshona alirudi kila mahali, akafunga, akafunga tena. Nikamwambia, "Huyu alikuwa na mashine mbovu na mkono mzuri."

"Ni mama yangu," akasema. "Alinishonea kambini. Nililivaa siku tuliyovuka mpaka kurudi. Baada ya hapo sijalivaa."

Nikageuka kumwita Shadia. Hakunisikia. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono imelegea, anamtazama Daforoza tu na gauni lile juu ya mikono yake. Mi najua macho hayo. Ndiyo macho yangu kitambaa kinapoanguka vizuri.

"Bibi," akasema taratibu, "asiliache. Avae ya kwako, na hilo alibebe hivyohivyo."

Kwenye meza za kahawa

Daforoza hufanya kazi ya kuchambua kahawa, chini bondeni, mahali wanapoosha na kuanika. Shadia alipoziona zile meza ndefu, zimejaa kahawa iliyokauka, rangi yake kama mchanga uliopauka, safu nyuma ya safu mpaka kwenye migomba, alikimbia. Mi niliona kahawa. Yeye aliona pazia.

Mlinzi akatuzuia. "Hapa hakuna foto. Mnatafuta nini?"

Safari hii nilipanga maneno. "Tunatafuta mahali pa kusimama mwanamke mrefu."

Mlinzi akamtazama Daforoza, aliyekuwa anabadili nguo nyuma ya khanga iliyoshikwa na wenzake. "Daforoza! Unaolewa tena bila kutuambia?"

"Na we sikualiki!" akajibu kutoka nyuma ya khanga.

Mlinzi akacheka, akasema sawa, ila tusiguse kahawa, na tumalize kabla jua halijawa kali, kwa sababu hapo wanafunika meza zote na plastiki na pazia letu litakwisha.

Hapo tena shida. Gauni langu la kijani lilimkaa Daforoza kiunoni kama nilimpima, lakini chini lilikomea juu ya vifundo vya miguu kama la mtoto aliyerefuka. Shadia akashika kichwa. Mi nikatoa wembe. Mnajua huwa naacha pindo refu kwenye kila gauni, na Zuhura hunisema naharibu kitambaa. Haya, Zuhura. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikafumua pindo mzunguko mzima, gauni likashuka mpaka chini. Wanawake walikuwa wameshaanza kukunjua plastiki upande wa pili.

Shadia akamwambia acheke. Hakucheka. Akamwambia atembee. Akatembea kama anaenda kwa daktari. Plastiki ilikuwa inakuja, meza baada ya meza. Shadia jasho linamtoka, anapiga, anatazama, anatikisa kichwa. Nikaona picha zinalala tena, na kamera inaenda sokoni.

Ndipo mmoja wa wachambuaji akapaza sauti: "Daforoza, pindo!"

Lile gauni la mama yake lilikuwa linateleza kwenye mkono, ncha inakaribia udongo. Daforoza akalinyanyua haraka, juu, kifuani, kama mtu anavyomtoa mtoto kwenye tope, na gauni la kijani likamzunguka miguuni lote, nyuma yake mikono ya wenzake ikigeuza kahawa. Nikasikia kamera. Halafu Shadia akaishusha.

"Bibi. Njoo uone."

Nikaona. Nikafungua begi la magauni, nikawaita wengine.

Kabla plastiki haijafika wengine nao walivaa magauni yangu, kila mmoja amebeba lake la sandukuni. Yule wa joho la kwaya aliimba kabisa. Yohana alikuja na kofia mpya.

Kurudi Gitega

Njiani hakuna kilichotokea isipokuwa Jeremi kutuimbia. Picha tulikuwa tumeshazituma Bujumbura tukiwa kwa Sakina, zikaenda moja moja kama watu wazima wanaopanda mlima. Jibu halikuja. Nikafungua atelye, nikakata kitambaa cha watu, sikio liko kwenye telefone. Shadia aliisafisha kamera, akaiweka kwenye mfuko wake, akaufunga. Sikumuuliza anaisafishia nani.

Simu ililia mwisho wa wiki. Ni yule mama wa Bujumbura. Nikaweka sauti kubwa Shadia asikie.

"Bi Mwajuma, picha zimeamka."

"Najua," nikasema.

"Magauni nayachukua yote. Lakini ile modeli ndefu ndiyo nimeipenda kupita zote. Naitaka."

Nikaweka mkasi chini. "Mama, kabla hujaendelea. Mrefu, ama ndefu?"

"Sijakuelewa."

"Mrefu ni Daforoza, anachambua kahawa Gasorwe, ana mume. Ndefu ya kijani ni yangu, nakushonea hata kesho. Ndefu iliyo mikononi ameshona mama yake, hiyo haiuzwi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi ndefu ya kijani," akasema. "Na picha zijazo, mrefu yuleyule. Na mpiga picha yuleyule."

Shadia alikuwa ameshatoka nje, nikamwona anarukaruka uani peke yake kama mtoto, mtu mzima yule.

Picha ya Daforoza iko ukutani, nimeondoa kalenda ya mitindo kuipa nafasi, na nyingine Sakina amempelekea mwenyewe. Pazia la bluu nimelikata, nimeshona foronya. Maua ya plastiki nampa Zuhura, aje kuyachukua, na akifika aisome karatasi hii mpaka mwisho: padri hakuwepo.